Kiti cha Pembeni Hakijainuka

Saa tano na dakika sita asubuhi, siku ya Jumanne, majina ya mwisho wa filamu yalianza kupanda kwenye skrini, na taa za ukumbi hazikuwashwa.

Mtabiri hakuliona hilo. Alikuwa anahesabu watu. Alikaa kwenye kiti cha kukunja kilichofungwa ukutani, ubavuni mwa ukumbi, mahali ambapo angeweza kuona safu zote bila kugeuza shingo. Jina hilo la Mtabiri alipewa na wenzake wa gazetini kwa utani, na kwa kuwa kila mwaka alipatia, utani ukageuka cheo. Kazi yake ilikuwa moja: kila msimu wa tuzo, kusema mapema ni muziki wa filamu zipi tano utakaoteuliwa.

Hakutumia masikio yake. Alitumia viti. Filamu kumi na tano zilizofika mchujo wa pili huonyeshwa kwa wapiga kura wa tuzo, wale wa tawi la muziki, katika ukumbi huo mdogo wenye viti themanini na vinne. Mpiga kura aliyeguswa na muziki hubaki ameketi mpaka nota ya mwisho. Asiyeguswa huinuka majina yanapoanza, akatafuta koti na funguo za gari. Mtabiri aliwahesabu waliobaki. Kwa miaka sita alikuwa ametaja filamu thelathini, na ishirini na saba ziliteuliwa.

Siku hiyo walibaki watu sitini na mmoja. Aliandika, kisha akaitazama namba hiyo tena. Filamu ilikuwa na dakika kumi na moja tu za muziki, na sita kati ya hizo ni ngoma moja ikipigwa polepole.

Taa zilipowaka, mama mmoja mpiga fidla mstaafu, mwenye fimbo, alisimama mbele yake akitweta.

"Binti, wewe si ndiye unayeandika magazetini? Hebu nisaidie. Mwambie huyo kijana wa huko juu awe anawasha taa. Nina goti bandia mimi. Kwenye giza lile ningeinukaje?"

"Huwa anachelewa?"

"Jumanne na Alhamisi, kila wiki. Tunakaa tu kama mizigo. Yule mzee wa siku nyingine anawasha mara moja, tunajiondokea na heshima zetu."

Mama mpiga fidla alikwenda zake, fimbo ikigonga ngazi. Mtabiri alibaki ameketi. Alifungua daftari lake tangu mwanzo na kuandika siku ya wiki pembeni mwa kila filamu. Filamu saba zilionyeshwa Jumanne na Alhamisi: wastani wa waliobaki, hamsini na saba. Nane zilionyeshwa siku nyingine: wastani, thelathini. Zile tano alizopanga kuzipeleka kwa mhariri kabla ya saa tisa alasiri zote zilitoka katika saba za kwanza.

Hawakubaki kwa sababu ya muziki. Walibaki kwa sababu hawakuona pa kukanyaga.

Na kijana wa huko juu, anayefanya kazi Jumanne na Alhamisi, ndiye aliyekuwa aje nyumbani kwao Jumamosi na wazee wake kumposa.

*

Chumba cha mtambo wa filamu kilikuwa na feni mbili, stuli moja, kikombe kilichofunikwa kwa sahani, na dirisha la kioo lisilozidi ukubwa wa daftari. Daftari la mtambo lenyewe lilining'inia kwa kamba kando ya mlango. Mwendesha mtambo, ambaye Mtabiri alimwita Fundi tangu siku alipokuja na kikopo cha mafuta kukinyamazisha kile kiti cha kukunja kilichokuwa kikilia, alikuwa anafuta lenzi. Alitabasamu alipomwona. Kisha akaacha.

"Karibu. Kaa kwanza."

"Fundi, taa za ukumbi zinatakiwa kuwashwa saa ngapi?"

"Majina yakianza. Zile za pembeni, kwa nusu."

"Leo umewasha saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi na mbili."

"Majina yalianza saa tano na dakika sita."

"Najua."

Hakuuliza amejuaje. Alikwenda mlangoni, akalifungua daftari kutoka kwenye kamba yake na kumpa. Mtabiri alisoma akiwa amesimama. Safu zilikuwa tano: tarehe, filamu, saa majina yalipoanza, saa taa zilipowashwa, sababu ya kuchelewa. Mwandiko wa mzee mwenzake ulijaza siku nane, na safu ya sababu ilikuwa tupu. Mwandiko wa Fundi ulijaza saba. Kuchelewa dakika nne. Dakika tano na nusu. Dakika saba. Katika safu ya sababu, mara zote saba, kwa kalamu ile ile ya bluu, aliandika maneno yale yale.

Alisoma kwa sauti. "Kiti cha pembeni hakijainuka."

Aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Ni kiti changu hicho."

"Ni chako."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Uinuke."

"Mimi siinuki mpaka watu waondoke. Na watu hawaondoki gizani. Tungekaa humo mpaka kesho."

"Ndiyo maana mwishoni nilikuwa nawasha."

Mtabiri aliweka daftari juu ya stuli. Sauti yake haikupanda. Walimu wake wa zamani wangeitambua, ndiyo aliyoitumia kujibu mtihani wa mdomo. "Nilikueleza ninavyopima. Jumapili ile ya mvua, tulikaa saa mbili, nikakuchorea mpaka kwenye karatasi ya kufutia mikono. Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanivurugia."

"Nilidhani giza ni lile lile kwa wote. Saba zangu zote nimezichelewesha. Nikasema, kama zote zimekaa gizani, hakuna iliyopendelewa."

"Na nane za mzee?"

Fundi alilitupia jicho daftari juu ya stuli. Ilikuwa dhahiri kwamba swali hilo lilikuwa linafika kwake kwa mara ya kwanza.

"Za mzee sikuzifikiria."

"Hukuzifikiria."

"Mzee simfikirii nikiwa nakutazama wewe."

Pembe ya mdomo wa Mtabiri ilitikisika. Aliirudisha mahali pake.

"Tunaonana kila Jumapili, Fundi. Unanitazama bure, mchana kweupe. Sura ni hii hii."

"Si hii hii." Aliinama kwenye kidirisha, akionyesha ukuta wa chini kwa kitambaa alichokuwa bado amekishika. "Jumapili unajua unatazamwa. Pale, majina yakipanda, mwanga mweupe unakuja upande mmoja wa uso wako, na wewe unahesabu. Ukihesabu midomo inacheza. Kidogo tu, kama mtoto anayesoma. Taa zikiwaka unaifunga. Nikawa nasema, dakika moja zaidi. Basi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba midomo yake hucheza. Alikuwa na miaka thelathini na nne na hakuwa na habari hiyo. Alijikuta ameibana.

Simu yake ilitetemeka. Alipokea kwa sababu asipopokea mama yake hupiga mara saba.

"Wanakuja wangapi Jumamosi?" Mama hakuwa na desturi ya salamu kwenye simu. "Nina viti sita na kimoja mguu wake mbovu."

"Wanne, Mama. Baba yake mdogo, shangazi yake, dada yake, na yeye."

"Basi kile kibovu atakalia yeye. Akianguka ndiye anayetaka mke. Na mwambie asije na lile shati la kazini. Hivi kweli, mwanangu, nimesomesha mtoto mpaka digrii ya pili ya takwimu, aolewe na mtu wa kuwasha swichi?"

"Mama, nitakupigia."

Chumba kilikuwa kidogo na sauti ya Mama ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu. Fundi alikuwa amesikia yote. Aliangalia shati lake.

"Amesemaje?" aliuliza hata hivyo.

"Ameuliza viti."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema usije Jumamosi."

"Unataka tuisogeze mbele?"

"Nataka usije."

Alikikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka kikawa hakikunjiki tena. "Wazee nitawaambia nini?"

"Waambie ulichoandika humo."

"Nikikwambia najutia kukutazama, nitakuwa naongopa. Lakini hesabu zako nazijutia. Hilo ni kweli na nitalisema popote."

"Mbona uliandika? Ungeweza kuacha tupu. Ungeandika mtambo ulizingua. Nani angejua?"

"Daftari la mtambo haliandikwi uongo." Alilisema kama mtu anayetaja nambari ya nyumba yake. "Nikidanganya humo mara moja, siku mtambo ukiungua hakuna atakayejua ulianza kuumwa lini."

Mtabiri alichukua kalamu. Alinakili nyakati zote kumi na tano kwenye daftari lake, akahakiki mara mbili, akalifunga la mtambo kwenye kamba yake. Alipofika mlangoni aligeuka. Fundi alikuwa amesimama pale pale, mikono mitupu, akimtazama kwa namna ambayo sasa ilikuwa na maana mpya na ambayo hakuwa na safu ya kuiandikia. Akashuka ngazi.

*

Saa saba mchana alikuwa mezani kwake gazetini na kweli mbili mbele yake. Ya kwanza: filamu saba kati ya kumi na tano hakuzipima. Ya pili ilimchukua muda zaidi kuikubali. Daftari lake lilikuwa na safu ya filamu, ya waliohudhuria, ya waliobaki, ya dakika za muziki. Halikuwa na safu ya taa. Kwa miaka sita taa ziliwashwa na mzee mmoja, kwa wakati, kila siku. Fundi aliajiriwa Machi mwaka huo. Mtabiri alikuwa anapima kitu kimoja akidhani hakuna kingine kinachobadilika, na hakuwahi kuinua macho kuhakikisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa alama kwa hilo.

Alimpelekea mhariri majina matatu.

"Matatu?" Mhariri aligeuza karatasi kutafuta mengine upande wa pili. "Wasomaji wanataka matano."

"Nina matatu. Nimepima filamu nane. Nimeandika kwamba saba nyingine sikuzipima sawasawa, na kwamba ni uzembe wa kipimo changu."

"Mtu yeyote huko mtaani anaweza kunipa matano."

"Basi mwulize wa mtaani."

Mhariri aliivua miwani. Alikuwa amemwahidi ukurasa mzima wa kila wiki endapo msimu huu ungeenda vizuri. "Ule ukurasa tutauzungumza mwaka ujao," alisema, na alisema bila ubaya. Makala ilitoka kesho yake ikiwa na majina matatu. Fundi hakutajwa, wala daftari la mtambo.

Jumatano hiyo hiyo, saa nne asubuhi, meneja wa ukumbi alimpigia simu.

"Nathibitisha tu, dada. Mwendesha mtambo wetu amekuja jana saa saba na nusu, akaniwekea daftari mezani. Anasema amechelewesha taa mara saba, na kuna mtu wa takwimu ameathirika. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Una malalamiko rasmi?"

Mtabiri alitazama namba kumi na tano kwenye daftari lake. "Sina."

"Mimi ninayo barua ya onyo, na nimemwondoa kwenye maonyesho ya wapiga kura. Atakuwa anaonyesha katuni za watoto, Jumamosi na Jumapili asubuhi." Meneja alikohoa. "Hii sababu aliyoandika hapa, ya kiti. Niiache hivi hivi?"

"Ni kweli," alisema Mtabiri. "Iache."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, orodha ya walioteuliwa ilisomwa. Chumba kizima cha habari kilisimama mbele ya televisheni. Majina yake matatu yalitajwa yote. Mawili yaliyobaki yalitoka katika zile saba za gizani, lakini ile ya watu sitini na mmoja haikuwa mojawapo. Wenzake walimpigia makofi, na mmoja akasema tatu kwa tatu ni bora kuliko tano kwa tano. Hesabu hiyo haikuwa sahihi, na hakuwa na nguvu ya kuisahihisha. Aliangalia simu yake. Hapakuwa na ujumbe. Alikuwa amemwambia Fundi asije. Naye, kwa tabia yake, alikuwa ametii mpaka kwenye simu.

Usiku huo na ule wa Ijumaa alilala jumla ya saa nne tu. Alijua kwa sababu aliandika.

*

Ijumaa jioni alimwambia mama yake kila kitu, kwa mpangilio, kuanzia goti bandia la mpiga fidla. Mama alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa mpaka mwisho.

"Alikuwa anachelewesha taa ili akutazame?"

"Ndiyo."

"Na akaandika?"

"Kila siku. Na dakika zake."

Mama aliisukuma sinia kando. "Nimekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu miaka thelathini na moja, nikisoma madaftari ya mahudhurio ya watu wazima. Safu ya sababu ya kuchelewa naijua kama kiganja changu. Wote waliumwa tumbo. Wote. Kuna mwalimu mmoja alifiwa na bibi yake mara tano." Alichukua tena sinia. "Sijapata kuona mtu aliyeandika kosa lake mwenyewe mahali pa sababu."

"Kwa hiyo umemkubali?"

"Nani kasema? Bado ni mtu wa swichi."

"Nimemwambia asije kesho, Mama."

"Umemwambia yeye. Wazee wake umewaambia?"

"Hapana."

"Basi viti vyangu vinabaki pale pale nilipovipanga."

Jumamosi, saa kumi kamili alasiri, waliingia watu watatu: baba mdogo wa Fundi, mwenye kofia mkononi; shangazi yake; dada yake. Walikaa. Kiti cha nne, chenye mguu mbovu, kilibaki kitupu kati ya shangazi na dirisha.

"Kijana mwenyewe je?" aliuliza Mama.

"Yupo nje, ng'ambo ya barabara," alisema baba mdogo. "Ametueleza kosa lake njia nzima, kwa dakika na sekunde, mpaka shangazi yake akamwomba apumzike. Anasema aliambiwa asije, na yeye hajaja. Amesimama tu."

"Amesimama tu," Mama alirudia.

"Tangu saa kumi kasoro robo. Nimemwambia angalau akae kwenye ngazi za lile duka. Anasema akikaa itaonekana amekuja."

Dada mtu alicheka, akaziba mdomo. Wazee wakaingia kwenye mazungumzo yao, nani ni mtoto wa nani, nani alisoma wapi, mpaka ikagundulika kwamba shangazi aliwahi kufundishwa hesabu na Mama na kupigwa rula, na mazungumzo yakawa marefu zaidi ya ilivyopangwa.

Mtabiri aliwapa chai, kisha akaingia chumbani kwake. Dirisha lake lilitazama barabarani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo na hakuwa amewasha taa. Alikusudia kutazama mara moja tu, apate uhakika.

Fundi alikuwa amesimama kando ya ukuta wa duka lililofungwa. Alikuwa amevaa shati jeupe jipya, mikunjo ya pakiti ikionekana bado mgongoni alipogeuka. Alikuwa anajifuta vidole, kimoja baada ya kingine, kwa kitambaa, ingawa havikuwa na mafuta. Mara akasogea kumpisha mwanamke anayesukuma kigari cha mtoto, akainama kidogo, akamwambia mtoto kitu, akarudi mahali pake hasa, kama kwamba pamechorwa. Midomo yake ilicheza. Alikuwa anajisemea jambo, analijaribu, analikataa, analianza upya.

Hakujua kwamba anatazamwa. Alikuwa na uso ambao Mtabiri hakuwahi kuuona Jumapili hata moja.

Alipoangalia saa ya mezani, dakika tisa zilikuwa zimepita. Rekodi ndefu kuliko zote kwenye daftari la mtambo ilikuwa dakika saba.

Alifungua droo, akatoa daftari lake. Alitafuta mstari wa wazi chini ya zile namba kumi na tano, akaandika tarehe, saa aliyoanza, saa aliyomaliza. Kwenye safu ya mwisho kalamu ilisimama. Kisha akaandika, kwa maneno manne, kwamba mtu wa ng'ambo hajaondoka.

"Jamani, giza hili!" sauti ya Mama ilitoka sebuleni. "Hamna mtu wa kuwasha taa nyumba hii?"

Alipita sebuleni bila kumtazama yeyote. Swichi ya taa ya nje ilikuwa kando ya mlango wa mbele. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne jioni aliibonyeza, akafungua mlango, akasimama kwenye mwanga ili aonekane vizuri kutoka ng'ambo.

Fundi alishusha kitambaa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akasubiri gari moja lipite.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na sita, kiti cha nne kilikaliwa. Mguu wake ulilia, lakini haukuvunjika.